Sam Ntiro: msee wa Machame aliyechora watu kutoka kwa kichwa, New York wakanunua

Fanya hivi leo. Ukishuka steji ya Isebania jioni, usimpige mtu picha na simu. Enda zako kwa keja, kaa chini, shika biro na karatasi, halafu chora yule msee wa boda aliyekubeba. Si pikipiki, yeye mwenyewe. Utashtuka. Umemwona kila siku na bado hujui mabega yake yanakaaje akiwa amengoja kastoma.

Kuna jamaa alijenga jina lake kwa hiyo kazi, ya kuchora watu ambao hawako mbele yake. Anaitwa Sam Joseph Ntiro, na ukivuka hapo Sirari tayari uko kwa nchi yake, ingawa ocha kwao ni mbali, Machame, huko mteremko wa Kilimanjaro. Alizaliwa 1923, Mchagga, akakulia kwenye migomba na kahawa. Hiyo migomba ishike, tutairudia.

Miaka ya 40 akaingia Makerere, Kampala. Mwalimu wake wa sanaa alikuwa Margaret Trowell, mama Mwingereza aliyeanza kufundisha kuchora huko miaka ya 30, darasa likiwa ni baraza la nyumba yake. Style yake ilikuwa tofauti kabisa. Hakuwa anaweka mtu juu ya kiti mkamwangalia. Anawasimulia kitu, tuseme soko, harusi ama hadithi ya Biblia, mnafunga macho mpaka muione ndani ya kichwa, ndipo mnachora. Kama hujawahi kuangalia soko vizuri, hapo umeisha. Karatasi yako itabaki nyeupe.

Ntiro alishika hiyo njia kama ngozi yake. Alipomaliza masomo akabaki Makerere kufundisha, na 1952 akapelekwa London, chuo cha Slade.

Na hapa ndio story inakuwa moto. Slade ilikuwa kinyume kabisa cha baraza la mama Trowell. Huko modo anasimama uchi katikati ya chumba, wanafunzi wanamkodolea macho siku nzima. Mkuu wa chuo, William Coldstream, alikuwa na tabia ya kupima mwili wa modo kwa brashi akiwa amenyoosha mkono, aone kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mguu. Mwanafunzi wa kawaida angetupa ya nyumbani aige ya majuu. Ntiro alikaa huko mpaka 1955, na mjini kwa watu alikuwa akichora Wachagga wake: wanaofyeka, wanaovuna ndizi, wanaonywesha ng'ombe maji. Watu wadogo kwa mbali, sura hata hazionekani sana, lakini unajua nani amechoka na nani ndio kwanza ameanza kazi. Hiyo yote ilikuwa inatoka kwa kichwa. London hakuna mgomba, maze.

Wako waliomsema. Kwamba watu wake wanafanana, kwamba mwili hajui kuuchora, kwamba Trowell aliwanyima wanafunzi wake masomo ambayo Mzungu anapata halafu akaita hiyo kipaji cha Mwafrika. Hii ya mwisho mimi siipuuzi. Ukimfungia mtu mlango wa darasa kisha umsifu eti hajasoma, hujamsaidia. Na Trowell alipotoka Makerere mwishoni mwa miaka ya 50, aliyechukua nafasi yake, Cecil Todd, aligeuza mambo akaleta masomo ya kuchora kwa kuangalia. Lakini kwa Ntiro hiyo lawama haiingii sawa. Yeye alifunguliwa huo mlango, tena London, akakaa ndani miaka mitatu, akatoka akiwa amechagua ile ya kwao. Kuna tofauti kubwa kati ya asiyejua na aliyekataa.

1956 alichora wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Wachagga mnajua mbege, pombe ya ndizi. Fikiria ugumu wake: usiku, watu wanatembea, mizigo, giza. Hata ungekuwa na modo huwezi kumsimamisha hapo. Lazima uwe ulishawahi kufuata huo msafara ukiwa mtoto na miguu yako ikakumbuka. Mwaka wa 1960, jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likaununua huo mchoro.

Mke wake naye hakuwa mchezo. Sarah Nyendwoha, Mganda aliyepata digrii Oxford 1954, alipoambiwa mwalimu wa kike analipwa chini ya wanaume, akaukataa huo mshahara akafundisha bure mpaka serikali ya mkoloni ikaona aibu. Huyo anastahili stori yake peke yake.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Ntiro akatumwa London tena, safari hii kama balozi. Hebu ona: mji ule ule aliokuwa mwanafunzi, sasa anaingia na bendera ya nchi. Alikaa mpaka 1964. Baadaye akarudi kushughulikia mambo ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kama unataka kujaribu njia yake, anza na mtu mmoja kila usiku. Mathe wa omena, msee wa kubadilisha shilingi za Kenya na za Tanzania, kondakta anayening'inia mlangoni. Usianze na uso, uso unadanganya. Anza na anavyosimama, mzigo uko upande gani, mguu gani umebeba mwili. Ukikwama, usiende Google. Kesho pita tena pale, mwangalie kama dakika moja hivi bila kumkera, kisha usiku rudia.

Ntiro alifariki 1993. Wale wanaume wa mbege bado wako New York, na bado hawajafika kwa bibi harusi.