Walter Dandy: Aliyechungulia Ndani ya Ubongo

Walter Edward Dandy alizaliwa mwaka wa 1886 mjini Sedalia, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Babake alikuwa dereva wa garimoshi. Dandy alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mwaka wa 1910, akawa mpasuaji mashuhuri wa ubongo papo hapo hadi alipofariki mwaka wa 1946.

Alishughulishwa mno na majimaji ya ubongo yanayokosa njia. Mwaka wa 1918 alieleza jinsi alivyowapasua watoto wanne wenye kichwa maji ili kuondoa tishu zinazotoa majimaji hayo, watatu walifariki. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1921 alikitoa kivimbe kilichojaa uteute katika chumba cha tatu cha ubongo. Kivimbe cha aina hiyo si saratani, ila kikiziba mkondo wa majimaji huweza kuua ghafla. Ili kukifikia, ilimbidi alifungue fuvu na kuupasua ubongo. Mwaka wa 1922 alijaribu kupenyeza darubini nyembamba katika vyumba vya ubongo kupitia tundu dogo. Wazo lilikuwa bora kuliko chombo, kwani mwanga wake ulikuwa hafifu.

Lenzi na taa bora zilipatikana baada ya kifo chake. Leo vivimbe vya aina ile hutolewa kwa darubini kupitia tundu dogo fuvuni. Nako Mbale, Uganda, tangu mapema miaka ya 2000, madaktari wamewatibu watoto wenye kichwa maji kwa darubini, wakiyafungulia majimaji njia na kuunguza tishu zile zile alizozilenga Dandy. Lililomshinda yeye Baltimore limewaokoa watoto wa Afrika Mashariki.