Susan Wood: Aliyewafungulia akina mama joko la riziki

WAHENGA walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Huuza vyungu vyake vizuri, naye akabaki na kigae. Maisha ya marehemu Susan Wood, mwasisi wa karakana ya shanga ya Kazuri jijini Nairobi, yaliacha mfano wa jinsi methali hiyo inavyoweza kukanushwa.

Alizaliwa mnamo 1918 nchini Kongo, ambako wazazi wake Waingereza walikuwa wamisionari. Alisomea Uingereza na mnamo 1943 akaolewa na daktari Michael Wood. Walihamia Nairobi mnamo 1947. Miaka kumi baadaye, mumewe alishirikiana na madaktari Archibald McIndoe na Tom Rees kuasisi huduma ya madaktari wa ndege, chimbuko la shirika la Amref.

Mnamo 1975, katika kibanda kilichokuwa uani mwa makao yake mtaani Karen, Bi Wood alianza kufanya majaribio ya kufinyanga shanga. Aliwaajiri akina mama wawili waliokuwa na dhiki. Haukupita muda ikabainika kuwa wenye haja ya kazi walikuwa wengi mno.

Uzito wa hatua hiyo waujua wakazi wa Kibera na Kawangware. Mama anayelea watoto peke yake huamka alfajiri kwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo katika mitaa ya wenye nacho, asijue iwapo jioni atarudi na unga. Mtu wa hali hiyo hana nafasi ya kujaribu jambo na kukosea.

Ilhali ufinyanzi wa rangi hauna njia nyingine. Rangi ya kung'aa inayopakwa shanga ni unga wa madini uliochanganywa na maji. Huyeyuka ndani ya joko na kuufunika udongo kwa ngozi ya kioo. Anayepaka haoni rangi atakayoivuna: oksidi ya kobalti, iliyo nyeusi, hutoka motoni ikiwa samawati, ya shaba, nyeusi vilevile, aghalabu hutoa kijani. Rangi ikiwa nzito mno huchuruzika. Ikiwa nyepesi, hufifia. Shanga zikigusana hugandana, ndiposa hutungwa kwenye waya unaostahimili moto. Haya yote hujulikana kwa kuchoma, kutazama, kuandika vipimo na kuchoma tena.

Hapo ndipo karakana yenye mshahara ilipokuwa na faida kuu. Shanga zilizoharibika zilikuwa hasara ya karakana, wala si chakula cha watoto wa mfanyakazi. Mwanafunzi aliweza kukosea leo na kesho akarejea kazini akiwa na maarifa zaidi.

Mnamo 1988 karakana hiyo ilipanuka ikawa kiwanda, na baadaye idadi ya wafanyakazi ikapita 300, wengi wao akina mama wasio na waume. Shanga zao, zinazofinyangwa kwa mikono na kupakwa rangi moja moja, zilipata wanunuzi ng'ambo. Bi Wood, aliyefiwa na mumewe mnamo 1987, aliaga dunia mnamo 2006, miaka mitano baada ya kiwanda kupata wamiliki wapya.

Wanaotaka kuwafunza ufundi vijana wa mitaa ya mabanda wana funzo hapa. Udongo na joko havitoshi. Mwanafunzi ahitaji pia uhakika kwamba siku atakapokosea, hatalala njaa.