Robert Koch: daktari aliyefichua siri ya udongo na maji

Mfugaji yeyote anajua kuwa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta hachunwi wala haliwi. Aliyethibitisha chanzo cha ugonjwa huo ni Mjerumani Robert Koch, na kazi yake ndiyo msingi wa vipimo vya maji tunavyovitumia hadi leo.

Koch alizaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Alihitimu udaktari mwaka 1866, kisha akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Kimeta kilikuwa kikiua mifugo ya wakulima. Koch hakuwa na maabara. Alitumia nyumba yake, hadubini na panya. Mwaka 1876 alionyesha kwamba bakteria wa kimeta hujifunika kwa ganda gumu, na hivyo wanaweza kukaa udongoni miaka mingi wakisubiri mnyama wa kuwameza. Ndiyo maana mzoga wa kimeta haupasuliwi: damu ikimwagika, malisho hubaki na hatari.

Mwaka 1881 alieleza mbinu ya kukuza bakteria juu ya chakula kilichoganda. Kila bakteria huzaliana na kufanya kidoa chake, na vidoa huhesabika. Sasa tone la maji au chembe ya udongo ingeweza kupimwa. Mwaka 1882 alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1884, akiwa India, alimtambua bakteria wa kipindupindu.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1892. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, ambako maji ya Mto Elbe yalisambazwa bila kuchujwa. Mji jirani wa Altona ulichota mto huohuo, tena upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Hata hivyo wagonjwa wake walikuwa wachache, kwa sababu maji yalipitishwa kwenye mchanga. Utando wa vijidudu uliojijenga juu ya mchanga huo ulisaidia kuwazuia bakteria wa ugonjwa.

Koch alifika pia kwetu. Mwaka 1897 na 1898 alichunguza malaria Dar es Salaam. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi ya wagonjwa wake walipofuka. Jina lake lina deni hilo pia, ingawa mwaka 1905 alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel. Alifariki tarehe 27 Mei 1910.

Baada yake, wataalamu waligundua udongoni bakteria wanaokula mafuta ya petroli. Lakini hufanya kazi polepole, huhitaji hewa, na mafuta yakizidi huwalemea. Kwa hiyo oili chafu ya pikipiki au mashine ya kusaga isimwagwe karibu na kisima au kijito kwa kutegemea kwamba ardhi itaimeza.

Ndugu msikilizaji, maji maangavu si lazima yawe salama. Yachemshe au yatibu kabla ya kunywa. Kumbuka pia kuwa kuchemsha huua bakteria, lakini hakuondoi mafuta. Maji yenye utando wa oili au harufu ya dizeli usiyanywe. Toa taarifa kwa kamati ya maji ya kijiji.