Jaji Nyalali na Ngazi ya Rufaa: Kutoka Goweko Hadi Majaji Watatu

Wanachuo wenzangu, kwa wengi wetu neno rufaa linatukumbusha Bodi ya Mikopo. Dirisha linafunguliwa, unajaza fomu, unaambatisha cheti cha kifo cha mzazi au barua ya mtendaji wa kijiji, halafu unasubiri huku ukiomba Mungu. Ndo maana tukisikia mtu amekata rufaa mahakamani tunadhani naye anaomba huruma, au anataka kesi ianze upya mbele ya mtu mwingine ili ajaribu bahati yake. Si hivyo. Rufaa ya mahakamani ni kumwambia hakimu wa juu kwamba yule wa chini amekosea, na kuonyesha amekosea wapi. Kwa Tanzania, ngazi hiyo ilipokosa kileleni, mtu aliyekabidhiwa kazi ya kukijenga alikuwa Francis Nyalali.

Kabla ya kumfikia yeye, twende kwanza Goweko. Anayesafiri na treni ya reli ya kati kutoka Dodoma kwenda Tabora anaijua stesheni hiyo: unaipita Goweko, unafika Igalula, halafu Tabora mjini. Ni nchi ya Unyamwezi, njia ambayo misafara ya pembe iliikanyaga kutoka Bagamoyo hadi Ujiji miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Zama za Waingereza, mtu wa huku akigombana na jirani yake juu ya ng'ombe alihukumiwa kwenye baraza la mtemi. Asiporidhika aende wapi?

Jibu lilikuwa kwenye sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, wakati wa Gavana Donald Cameron. Sheria ile iliziondoa mahakama za watemi chini ya Mahakama Kuu. Rufaa ikawa inakwenda kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, mwisho kwa Gavana mwenyewe. Angalia vizuri hapo. Ofisa aliyetakiwa kukagua hukumu ya mtemi ndiye aliyemtegemea mtemi huyo huyo kukusanya kodi. Mlalamikaji alikuwa na haki ya rufaa, lakini hakuwa na jaji. Mfumo huo ulibadilishwa kidogo miaka ya 1950, ila mgawanyiko wenyewe ulibaki: mahakama za Waafrika huku, mahakama za wengine kule.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa watemi ulifutwa kisheria, na Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyounganisha zote kuwa mfumo mmoja. Ngazi tunazozijua leo zilizaliwa pale: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Tatizo likawa watu. Kitivo cha sheria Dar es Salaam kilifunguliwa 1961 tu, na wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabika.

Ndani ya hali hiyo ndipo alipoingia Nyalali. Alizaliwa mwaka 1935, mtoto wa Kanda ya Ziwa. Alisoma Makerere, kisha akaenda London kusomea sheria katika Lincoln's Inn. Aliporudi, katikati ya miaka ya 1960, alianza kazi kama hakimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaongoza Baraza la Kudumu la Kazi, chombo cha kuamua migogoro ya wafanyakazi na waajiri. Si kipindi cha kulala usingizi kile. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umewapa wafanyakazi ujasiri wa kuwahoji mameneja, na migomo ilizuka viwandani. Mwaka 1974 akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Miaka 3 baadaye, 1977, Mwalimu Nyerere akamteua Jaji Mkuu. Alikuwa na miaka 42.

Mwaka wenyewe wa kuteuliwa ulikuwa mgumu. Kilele cha rufaa zetu hakikuwa cha Tanzania peke yake. Tulikuwa tunakwenda kwenye Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mahakama moja kwa nchi tatu, yenye mizizi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mahakama ile nayo ikaondoka. Watu wengi wakikumbuka kuvunjika kwa Jumuiya wanataja ndege na mabehewa. Wachache wanataja hili: kwa takriban miaka 2, mtu aliyeshindwa Mahakama Kuu hakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Jaji mmoja akikosea, kosa linabaki hivyo hivyo. Na majaji wawili wa kanda mbili wakiisoma sheria moja kwa namna mbili, hapakuwa na wa kusema ipi ndiyo sahihi.

Mwaka 1979 ikaanzishwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Nyalali akiwa kiongozi wake. Mahakama Kuu ikawa chini ya Jaji Kiongozi, naye Jaji Mkuu akahamia ngazi ya juu pamoja na majaji wenzake wa rufani. Kwa kawaida wanaketi watatu. Na hawakai Dar es Salaam tu. Mahakama hii husafiri kwa vikao, ikaja hadi Tabora kusikiliza rufaa za huku. Kwa mtu wa Goweko hiyo si habari ndogo, maana hatakiwi kuuza ng'ombe wa pili ili apate nauli ya kwenda pwani kumtetea wa kwanza.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Tuseme mtu wa Goweko anadai ng'ombe wa mahari warudishwe, na ameshindwa Mahakama ya Mwanzo. Ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Pale hakimu anafungua mwenendo wa kesi, yaani kila kilichoandikwa tangu siku ya kwanza, na ana ruhusa ya kuupima ushahidi wote upya na kufikia hitimisho lake mwenyewe. Ila ana mpaka mmoja. Yeye hakuwaona mashahidi. Hakumwona nani alijibu kwa kujiamini na nani alitazama chini. Kwa hiyo kwenye suala la nani anaaminika, anamwachia nafasi kubwa hakimu aliyewaona kwa macho.

Akishindwa tena, anakwenda Mahakama Kuu, kanda ya Tabora. Hapa mlango umeshaanza kuwa mwembamba. Hii ni rufaa ya pili, na mahakama mbili zikishakubaliana kwamba ng'ombe walikuwa watano na si wanane, jaji haanzi kuwahesabu upya. Ataingilia pale tu ambapo ushahidi ulieleweka vibaya kabisa, jambo la msingi liliachwa, au kanuni ya sheria ilivunjwa. Msimamo huo Mahakama ya Rufani ya akina Nyalali iliuweka wazi mapema, mwaka 1981, katika kesi ya Jaffari Mfaume Kawawa, na mpaka leo mawakili wanaitaja. Kisha, kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, kupanda hadi Mahakama ya Rufani kunahitaji kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Uchungu peke yake hautoshi.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: huu si ubaguzi kwa mnyonge? Swali la haki kabisa. Lakini fikiria kinyume chake. Kama kila ngazi ingesikiliza kila kitu upya, mwenye hela angeendelea kukata rufaa mpaka maskini achoke. Mlango kuwa mwembamba kadiri unavyopanda unamlinda pia yule aliyeshinda kule chini na hana nauli ya kurudi mahakamani mara nne.

Kwamba ngazi hizi zinaweza kumbeba mtu mdogo, kesi ya Holaria Pastory ya Kagera ni ushahidi. Mama huyo aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mtoto wa ndugu yake akapinga, kwa hoja kwamba mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na kijana. Mahakama ya Wilaya ikatengua, ikisema Katiba imewapa wanawake haki sawa. Kijana akapanda Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaibariki hukumu ya wilaya. Bila ngazi ya pili, kesi ingeishia baraza la kijijini.

Lakini ngazi inaweza pia kuondolewa, na Nyalali aliliona hilo akiwa Jaji Mkuu. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, ilipitishwa sheria iliyounda mahakama maalumu pembeni ya mahakama za kawaida. Mtuhumiwa hakuwa na dhamana, hakuwa na wakili, na akihukumiwa hakuwa na rufaa. Maduka yalikuwa matupu na wananchi wengi walishangilia. Nani angemwonea huruma mlanguzi wa sukari? Mwaka uliofuata sheria ile ikabadilishwa, na makosa ya uhujumu uchumi yakarudi Mahakama Kuu, na rufaa ikarudi nayo. Mwaka huo huo wa 1984 haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, ingawa wananchi walisubiri hadi 1988 kuweza kuzidai mahakamani.

Hapo ndipo ilipokuja kesi ambayo mwanafunzi wa sheria hawezi kumaliza mwaka wa kwanza bila kuisikia, ya Daudi Pete. Alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ilikataza dhamana kwa mashtaka ya aina hiyo. Jaji Mwalusanya akasema kifungu hicho kinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Nyalali na wenzake wawili wakatoa hukumu, na ndani yake unaona kazi ya rufaa ilivyo. Walikubaliana na jaji kwamba kifungu ni batili: hakikuweka utaratibu wa haki wa kumnyima mtu uhuru wake, na kilikuwa kipana mno, kikiwakamata hata wasio hatari kwa yeyote. Lakini hawakukubali hoja zake zote. Jaji aliona kumnyima mtu dhamana ni kumtendea kama mtu aliyekwisha kutiwa hatiani; wao wakasema si lazima iwe hivyo. Jibu lilikuwa lile lile, njia ikarekebishwa. Mtu wa nje anaweza kuona huo ni ubishi wa wasomi. Hapana. Mahakama za chini nchi nzima zinafuata sababu, si jibu tu, na sababu mbovu ikiachwa leo itamhukumu mtu mwingine kesho.

Mwaka huo huo Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi Nyalali tume ya kukusanya maoni: tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi? Takriban watu 8 katika kila 10 waliosema, walisema tubaki. Tume ikapendekeza vyama vingi, na ikataja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Wapo waliolalamika kwamba Jaji amewapuuza wengi. Nionavyo mimi, aliifanya kazi ile kijaji: alipima sababu, hakuhesabu vichwa tu, na wale wachache 2 katika 10 walikuwa na haki ya kusikilizwa kama mrufani mmoja anavyosikilizwa dhidi ya mahakama mbili zilizomshinda. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi.

Nyalali alistaafu mwaka 2000, baada ya miaka 23 ya Ujaji Mkuu, akampokeza Barnabas Samatta. Alifariki Aprili 2003. Hakuacha kila kitu kimekamilika. Hukumu za mahakama yake ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu wa Goweko aliyejieleza kwa Kiswahili kule chini alihitaji mtafsiri ili ajue ameshinda au ameshindwa. Ilichukua hadi 2021 ndipo sheria ikatamka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Na kuhusu dhamana, mvutano haujaisha: mwaka 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa makubwa kadhaa, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Kwa hiyo likizo ijayo ukiwa kijijini, na shangazi akakuambia kesi yake ya Mahakama ya Mwanzo imekwisha vibaya, usimpe pole tu. Muulize hukumu imetoka tarehe gani. Zile siku 30 zinahesabika. Kisha msaidie aombe nakala ya hukumu, na mkae chini mwandike, kwa hoja zenye namba, hakimu alikosea wapi. Sababu ikiwa ipo kweli, ngazi ya kuipeleka juu ipo.