Abu Zayd Al-Balkhi: Mwanachuoni aliyeutibu mwili pamoja na nafsi

Katika vijiji vyetu, Marui na kwingineko mkoani Pwani, akionekana kijana anayecheka asubuhi, adhuhuri akaghadhibika hata kujidhuru, na jioni akalia kwa hofu ya kuachwa na watu wake, haraka husemwa kuwa ana jini. Wapo hata wanaofungwa kamba. Hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'ani imethibitisha. Tunalokataa ni kumsingizia jini kila maradhi, na katika hilo tunaye mwanachuoni wa kumtegemea.

Huyo ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl Al-Balkhi, aliyezaliwa karibu mwaka 235 Hijria (850 Miladia) katika kijiji cha jirani na mji wa Balkh, ambao leo umo Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Ujanani alifuatana na msafara wa mahujaji, akaenda Iraq kwa miguu, akakaa huko miaka minane akitafuta elimu. Miongoni mwa waalimu wake anatajwa mwanafalsafa Al-Kindi. Alirejea kwao akiwa na elimu ya dini, falsafa, tiba na jiografia. Ramani zake ndizo walizofuata wanajiografia Al-Istakhri na Ibn Hawqal.

Alikuwa mtu mkimya, mwenye makovu ya ndui usoni, asiyependa vyeo. Mtawala wa Balkh alipomtaka awe waziri, alikataa, akaridhika na ukatibu. Imesimuliwa pia kwamba aliitwa Bukhara kumsaidia mtawala kwa rai zake. Alipofika mto Jayhun na kuyaona mawimbi yake, aliandika barua ya udhuru: ikiwa ameitwa kwa ajili ya busara yake, basi busara hiyo hiyo inamkataza kuuvuka mto ule. Akarudi nyumbani. Nasi tunapendezwa kwamba aliyeandika juu ya hofu alikuwa akiijua.

Kitabu chake cha Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi, kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: makazi, chakula, usingizi, kuoga na mazoezi ya viungo. Ya pili ni ya nafsi: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Hoja yake ni kwamba viwili hivi havitengani. Mwili ukiugua, nafsi hukosa raha, na nafsi ikiugua, mwili hukosa ladha ya maisha. Huzuni aliigawa mara mbili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona inatoka mwilini, nayo itibiwe kwa tiba ya mwili. Alishauri pia mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Kijana tuliyemtaja huenda ana maradhi ya haiba ambayo hisia hupanda ghafla na kuchelewa kushuka. Mwaka 1993, Marsha Linehan wa Marekani alichapisha kitabu cha tiba ya watu hao. Hufundishwa kuzitawala hisia, na ndani ya mafunzo hayo mna kulinda usingizi, chakula na mazoezi. Hisia zinapofurika, hushauriwa kuuchosha mwili kwa muda mfupi, kama kukimbia au kupanda kilima, ili nguvu ya hasira ipate pa kutokea. Utafiti wa mazoezi kwa maradhi haya hasa bado ni mchache, na kukimbia peke yake hakutoshi. Mgonjwa apelekwe Tumbi au Muhimbili, na anayesema atajiua asisubirishwe hata siku moja. Waislamu hatuna sababu ya kuyaona haya mageni, kwani Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aliyeghadhibika amesimama aketi, na hasira isipoondoka alale. Huko ni kuituliza nafsi kupitia mwili.

Al-Balkhi alifariki mwezi wa Dhulqaada mwaka 322 Hijria (Oktoba 934). Kitabu chake kilibaki karne nyingi katika nakala za mkono huko Istanbul, hadi nakala hiyo ilipopigwa chapa Ujerumani mwaka 1984. Mwaka 2013 sehemu ya nafsi ilitoka kwa Kiingereza, kwa kazi ya Profesa Malik Badri wa Sudan, bingwa wa elimu ya nafsi, ambaye naye alifariki mwaka 2021.