Rolf Sievert: Mwanasayansi Aliyeufundisha Ulimwengu Kupima Mionzi

Rolf Maximilian Sievert alizaliwa tarehe 6 Mei 1896 jijini Stockholm, Uswidi. Mwaka 1924 alianza kuongoza maabara ya fizikia ya Radiumhemmet, kliniki ya saratani jijini humo. Wakati huo mionzi iliponya wagonjwa, lakini pia iliwaunguza wao na wahudumu wao, kwa kukosekana kipimo cha uhakika cha kiasi kinachoingia mwilini. Sievert alibuni vifaa vya kukipima, na mwaka 1928 alishiriki kuasisi kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi.

Katika miaka ya 1950, majaribio ya silaha za nyuklia yalitawanya angani vumbi lenye mionzi, isiyoonekana wala kunusika. Sievert alianzisha nchini mwake mtandao wa vituo vya kuifuatilia, ili wananchi wajulishwe hatari kabla ya madhara.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 1966. Karibu miaka 20 baadaye, tarehe 28 Aprili 1986, vipimo vya Uswidi vilibaini mionzi iliyoletwa na upepo. Hivyo ulimwengu ukatambua ajali ya Chernobyl, iliyotokea siku mbili nyuma, kabla Umoja wa Kisovieti haujaitangaza.

Tangu mwaka 1979 jina lake ni kizio cha kimataifa cha kupima athari za mionzi mwilini. Taarifa ya usalama inapotaja milisievert, inamtaja yeye.