Ivan Bratt

Ivan Bratt (1878 - 1956) alikuwa daktari na mwanasiasa wa kiliberali kutoka nchi ya Uswidi. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa mfumo wa kudhibiti uuzaji wa pombe uliopewa jina lake, yaani "mfumo wa Bratt". Chini ya mfumo huo, mtu aliyetaka kununua pombe kali alipaswa kuwa na kitabu cha mgao, kwa Kiswidi motbok, ambamo kila chupa aliyonunua iliandikwa. Mfumo ulianza katika jiji la Stockholm mwaka 1914, ukaenea nchi nzima, na ulidumu hadi mwaka 1955.

Bratt aliyaona madhara ya pombe kwa jicho la daktari, lakini alipinga pombe kupigwa marufuku. Kwa sababu hiyo alijipatia maadui pande zote mbili. Watu wa vyama vya kupinga pombe walimwona kuwa anawaharibia ushindi uliokuwa karibu, na wanywaji walimwona kuwa anaingiza mkono wa serikali katika glasi zao.

Hali ya Uswidi kabla yake

Pombe kuu ya Waswidi ilikuwa brännvin, pombe kali inayochomwa kutokana na nafaka au viazi. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilipikwa nyumbani karibu kila mahali mashambani, jinsi gongo au chang'aa inavyopikwa katika Afrika Mashariki, isipokuwa kwamba huko haikuwa kosa. Katikati ya karne hiyo upikaji wa nyumbani ulizuiwa kwa sheria, na biashara ikahamia kwenye viwanda na maduka.

Mwaka 1865 mji wa Göteborg ulijaribu njia mpya. Vibali vya kuuza pombe kali vilikabidhiwa kampuni moja, na faida iliyozidi kiwango fulani ilikwenda kwa umma badala ya mifuko ya wenye baa. Miji mingine iliiga. Ila kulikuwa na kasoro kubwa: kadiri watu walivyokunywa, ndivyo hazina ya mji ilivyojaa, na madiwani waliotegemea fedha hizo hawakuwa na haraka ya kuona mauzo yakipungua.

Wakati huohuo vyama vya kupinga pombe vilikua kuwa nguvu kubwa katika siasa, vikiungana na makanisa huru na vyama vya wafanyakazi. Lengo lao lilikuwa marufuku kamili.

Mwaka 1909

Mwezi Agosti 1909 ulizuka mgomo mkuu wa wafanyakazi, na serikali ilisimamisha uuzaji wa pombe ili kuepusha fujo. Mgomo ulipita kwa utulivu. Vyama vya kupinga pombe vilitumia nafasi hiyo kuendesha kura yao wenyewe, isiyo ya kiserikali. Zaidi ya watu milioni 1.8 walitaka marufuku, katika nchi iliyokuwa na wakazi wapatao milioni 5.5. Ilionekana kwamba kilichobaki ni bunge kutunga sheria.

Hapo ndipo Bratt, aliyekuwa daktari Stockholm na bado hajavuka miaka 31, alipoingia katika mjadala. Katika maandishi aliyochapisha mwaka huohuo alidai kwamba tatizo la ulevi linaweza kushughulikiwa bila marufuku. Hoja yake ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, marufuku ingezaa magendo na upikaji wa siri, na sheria ambayo watu wengi wanaivunja huishia kudharauliwa. Pili, madhara ya pombe hayakugawanyika sawasawa: walikuwepo wanywaji waliojiweza na walikuwepo waliojiangamiza pamoja na familia zao. Kwa maoni yake dola ilipaswa kumtafuta huyu wa pili na kumzuia yeye, badala ya kuwazuia wote.

Kwa daktari wazo hilo lilikuwa la kawaida. Mgonjwa mmoja huandikiwa dawa moja, na mwingine huandikiwa nyingine. Jambo jipya lilikuwa kulifanya kuwa utaratibu wa kuuza bidhaa kwa taifa zima.

Mfumo wa Stockholm

Mwaka 1913 iliundwa kampuni ya Stockholmssystemet, na Bratt akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata kampuni ilianza kutoa vitabu vya mgao katika mji mkuu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtu aliyetaka kitabu alijaza maombi. Kampuni ilichunguza umri wake, kipato chake, kama analipa kodi, kama aliwahi kukamatwa kwa ulevi, na kama familia yake inaishi kwa msaada wa umma. Wakaguzi waliweza kumtembelea nyumbani. Akikubaliwa, alipewa kitabu kinachotumika katika duka moja tu. Kila aliponunua alitia sahihi, na mwuzaji aliilinganisha na sahihi iliyowekwa dukani. Kwa miaka mingi kikomo cha juu cha pombe kali kilikuwa lita 4 kwa mwezi, lakini wengi walipewa kiasi kidogo zaidi, na wapo waliokataliwa kabisa. Divai haikuwa na kikomo maalumu, ila iliandikwa kitabuni, na aliyeinunua kupita kiasi aliweza kuitwa ajieleze. Aliyekutwa amelewa hadharani au aliyemwuzia mwingine chupa yake alinyang'anywa kitabu, kwa muda au moja kwa moja.

Mikahawa nayo ilibanwa. Pombe kali iliuzwa tu pamoja na chakula, kwa kipimo kilichowekwa, na kipimo cha mwanamke kilikuwa nusu ya cha mwanamume. Sharti la chakula lilizaa mchezo uliojulikana na kila mtu: sahani iliyoagizwa kwa ajili ya kinywaji tu ilirudi jikoni bila kuguswa, ikapelekwa meza nyingine.

Sambamba na hayo, sheria ya mwaka 1913 kuhusu walevi, iliyoanza kutumika mwaka 1916, iliziruhusu mamlaka kumpeleka mlevi sugu kwenye matibabu hata bila ridhaa yake. Kwa hiyo duka la pombe, polisi, ofisi ya ustawi na daktari walianza kumtazama mtu yuleyule kupitia karatasi zinazofanana.

Kuondoa faida binafsi

Kitabu cha mgao ndicho kinachokumbukwa zaidi, lakini kwa Bratt kilikuwa nusu tu ya kazi. Aliamini kwamba hakuna udhibiti utakaofaulu iwapo mtu fulani anatajirika kila chupa moja zaidi inapouzwa. Wenye hisa katika kampuni za mfumo waliwekewa kikomo cha gawio cha asilimia 5, na kilichozidi kilikwenda kwa serikali.

Maduka peke yake hayakutosha, kwa kuwa nyuma yake walikuwepo wafanyabiashara wa jumla na wenye viwanda. Mwaka 1917 iliundwa Vin- och Spritcentralen, kampuni iliyonunua makampuni binafsi ya divai na pombe kali moja baada ya jingine hadi ikashika karibu biashara yote ya jumla nchini. Bratt aliiongoza hiyo pia. Daktari aliyetaka watu wanywe kidogo akawa mwuzaji mkubwa wa pombe kuliko wote katika Uswidi. Wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha jambo hilo. Kwake halikuwa na mgongano: alitaka bidhaa hiyo ishikwe na mtu asiye na sababu ya kuisukuma.

Sheria mpya ya mwaka 1917 iliufanya mfumo wake kuwa wa nchi nzima kuanzia mwaka 1919. Kabla ya hapo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeleta uhaba wa nafaka na viazi, na migao ilipunguzwa sana. Katika miaka hiyo ulevi wa hadharani ulishuka, pamoja na magonjwa ya walevi sugu kama wazimu wa kutetemeka. Watetezi wa Bratt walihesabu kushuka huko kama ushahidi wa mfumo, ingawa si rahisi kutenganisha kazi ya kitabu na kazi ya njaa ya vita.

Kura ya maoni ya 1922

Nchi jirani zilichagua njia nyingine. Ufini ilianzisha marufuku mwaka 1919, Norwei ilizuia pombe kali, na Marekani ilifuata mwaka 1920. Nchini Uswidi shinikizo lilisababisha kura ya maoni ya kwanza ya taifa, iliyofanyika tarehe 27 Agosti 1922.

Kampeni ilikuwa kali. Bango linalokumbukwa kuliko yote lilichorwa na msanii Albert Engström: mtu mwenye hasira mbele ya sahani ya kamba wa maji baridi, akionya kwamba mlo huo wa desturi hautakuwa na kinywaji chake. Lakini hoja nzito ya upande wa hapana ilikuwa mfumo wa Bratt wenyewe. Kwa kuwa tayari kulikuwa na njia ya kuwabana walevi, wapiga kura wenye wasiwasi hawakulazimika kuchagua kati ya marufuku na baa huria.

Matokeo yalikaribiana sana: asilimia 51 walikataa marufuku na asilimia 49 waliitaka. Kura za wanawake na wanaume zilihesabiwa tofauti. Wanaume wengi walisema hapana, wanawake wengi walisema ndiyo. Wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge mwaka mmoja tu uliotangulia, na ndio waliojua zaidi mshahara unaoishia baa una maana gani nyumbani. Kura haikuwa na nguvu ya kisheria, lakini wazo la marufuku halikupata tena nafasi kama ile. Ufini ilifuta marufuku yake mwaka 1932, baada ya miaka mingi ya magendo.

Lawama

Uswidi nayo haikuepuka magendo. Katika miaka ya 1920 boti zilileta pombe kupitia Bahari ya Baltiki, na nchi za eneo hilo zilitia sahihi mkataba wa kupambana na biashara hiyo huko Helsinki mwaka 1925. Ndani ya nchi, watu wasiokunywa waliuza migao yao kwa wanaokunywa. Wengine walijenga mazoea ya kuchukua lita zote walizoruhusiwa kwa kuwa ni haki yao, hivyo kikomo kikageuka kuwa kipimo cha kawaida.

Lawama nzito zaidi ilihusu usawa. Mke hakupewa kitabu chake, kwani kitabu cha nyumba kilikuwa cha mume. Mwanamke asiyeolewa alipewa mgao mdogo kuliko wa mwanamume, kama alipewa. Mwenye kazi nzuri na nyumba nzuri alipata lita nyingi kuliko kibarua, ingawa hapakuwa na sababu ya kitabibu ya kuamini kwamba ini lake lina nguvu zaidi. Bratt alitaka kupima hatari ya mtu mmojammoja. Kwa vitendo, makarani walipima heshima yake katika jamii, kwa sababu heshima ndiyo iliyoonekana kwenye makaratasi. Mtu aliyenyimwa kitabu alijulikana mtaani kuwa amenyimwa.

Bratt mwenyewe aliacha uongozi wa Vin- och Spritcentralen mwaka 1928. Mfumo uliendelea bila yeye kwa zaidi ya robo karne.

Kufutwa kwa mfumo

Mwaka 1944 serikali iliunda tume ya kuchunguza upya siasa ya pombe. Tume ilipendekeza mgao ufutwe, na bunge likakubali. Tarehe 1 Oktoba 1955 vitabu viliacha kutumika. Siku hiyohiyo kampuni za maeneo mbalimbali ziliunganishwa kuwa moja, Systembolaget, inayomilikiwa na serikali. Kodi na elimu vilitarajiwa kufanya kazi iliyofanywa na kitabu.

Ulevi uliongezeka ghafla. Makosa ya kulewa hadharani yalipanda sana, na hospitali zilipokea wagonjwa wengi zaidi wa wazimu wa kutetemeka. Serikali ilijibu kwa kupandisha bei mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Watafiti walioyachunguza matukio hayo baadaye waliona kwamba mgao, pamoja na dhuluma zake, ulikuwa umewazuia hasa wanywaji wakubwa, yaani kundi lilelile ambalo Bratt alilikusudia.

Bratt aliishi kuona mfumo wake ukifutwa, akafariki mwaka 1956. Mwaka huohuo Mfaransa Sully Ledermann alitoa kitabu kilichobadilisha mwelekeo wa taaluma hiyo. Alionesha kwamba idadi ya wanywaji wa kupindukia huenda pamoja na kiasi ambacho jamii nzima inakunywa. Mwaka 1975 kundi la watafiti wa kimataifa lililoongozwa na Mfini Kettil Bruun, likishirikiana na Shirika la Afya Duniani, lilijenga juu ya wazo hilo: bei, saa za kuuza na idadi ya maduka vinamgusa kila mnywaji, na vinampunguzia hata mlevi sugu bila kumchunguza mtu yeyote nyumbani kwake.

Sehemu ya pili ya mpango wa Bratt, ile ya kuondoa faida binafsi, ilidumu zaidi. Uswidi ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995 ililazimika kufungua biashara ya jumla ya pombe, lakini mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya iliruhusu Systembolaget kubaki na haki ya pekee ya kuuza rejareja. Vin- och Spritcentralen ilikuwa na safari tofauti. Ikiwa bado mali ya serikali iligeuka kuwa kampuni ya kuuza nje, ikaipa dunia vodka ya Absolut, na mwaka 2008 iliuzwa kwa kampuni ya Kifaransa ya Pernod Ricard.